Kidole Gumba: Nilivyojifunza Dansi ya Mkono Washington

Daktari alisema nitembee dakika 30 kila siku. Presha yangu ilikuwa 160 kwa 100, umri wangu 41, na kazi yangu ni ya usiku, kuhudumia wazee katika nyumba ya kulelea wagonjwa huku Maryland, nje kidogo ya jiji la Washington. Nitembee wapi na ni Februari, barafu imefika mlangoni? Mama mmoja tuliyekuwa zamu moja, Mmarekani mweusi aliyebakiza mwaka astaafu, alinicheka. "Njoo Jumatano," akasema. "Utatembea na hutajua kama unatembea."

Jumatano yenyewe ilikuwa darasa la wanaoanza, kwenye ukumbi wa chini wenye dari fupi na taa za bluu, dola 10 mlangoni. Wenyeji wanaiita Hand Dance, mimi nitasema dansi ya mkono. Ni dansi ya watu wawili walioshikana mkono, wa kulia wa mwanamke katika wa kushoto wa mwanamume, na mkono huo ndio unaosema kila kitu: zunguka, pita, rudi, subiri. Miguu inateleza chini bila kurukaruka. Ukiwatazama wanaoijua utadhani sakafu ndiyo inayosogea, wao wamesimama tu.

Tunaoishi huku, wa Tanzania na wa Kenya, tuko wengi. Tunapita nje ya kumbi hizi miaka na miaka tukienda kwenye sherehe zetu, na hatujui ndani kuna nini. Nami nilipita hivyo miaka 9.

Kosa la kwanza nililifanya kabla sijavua koti. Mwalimu, mama mwembamba wa miaka sabini na kitu, aliniuliza kama nimewahi kucheza dansi. Nikamjibu kwa kujiamini kabisa kwamba mimi ni Mwafrika, kwetu tunazaliwa na ngoma. Hakucheka. Alinitazama kidogo, akaniambia, "Haya, tutaona." Dakika 10 baadaye nilikuwa nimemkanyaga mzee wa watu mara 4, na kiuno changu, ambacho kwenye harusi za kwetu kinasifiwa, kilikuwa kikwazo. Dansi hii haitaki kiuno. Inataka kifua kitulie, magoti yalegee na nyayo zibaki karibu na sakafu. Kila nilichokijua kilinisumbua kuliko ambavyo ningesumbuka kama nisingejua kitu.

Kosa la pili lilinigharimu pesa. Nilivaa raba. Unafikiri mazoezi ni raba, sivyo? Soli ya mpira inang'ang'ania sakafu ya mbao. Mwili ukizunguka mguu unabaki, na kinachosokoteka hapo katikati ni goti. Wiki ya 3 nilisikia kitu kimefanya "tak" goti la kushoto. Nikakaa nyumbani siku 11 bila kazi, na kwa sisi tunaolipwa kwa saa maana yake ni siku 11 bila mshahara. Nilipopona nikanunua viatu vya dansi vya soli ya ngozi ya kusugua, dola 80. Baadaye ndipo nikagundua kwamba nusu ya wamama pale wanavaa viatu vya kawaida vya soli ngumu, wanavibeba kwenye mfuko wa nailoni na kuvivaa mlangoni ili visishike maji ya nje. Viatu vya kanisani vya miaka iliyopita vilivyolika chini vinafaa kabisa. Usinunue kitu mwezi wa kwanza. Na kwa hisani yako usimwage poda sakafuni ili uteleze vizuri. Mimi nilimwaga, na mzee mmoja akaja na tambara, akapiga magoti kwa tabu na kuifuta mwenyewe bila kuniambia neno. Ile aibu ninaisikia mpaka leo.

Kosa la tatu lilitokana na haraka. Niliona darasa la mara moja kwa wiki haliniendeshi, nikaanza kufuata video usiku nikiwa mapumzikoni kazini, tena nikajiandikisha katika darasa jingine mjini, dola 120 kwa wiki 6. Darasa zuri, vijana wengi, karibu wote Wazungu, walimu wana adabu. Lakini lile lilikuwa la Lindy Hop, ambalo ni dada mkubwa wa dansi hii kama si bibi yake. Huko unadunda, unarusha mguu, unacheka na dari. Niliporudi Jumatano nikiwa na madoido yangu mapya, mwalimu alisimamisha muziki. "Nani kakufundisha kuruka?" Nikamwambia. Akasema, "Hao wanacheza ya kwao vizuri. Hapa uko Washington."

Jibu hilo lilinifanya nianze kuuliza maswali. Mpaka siku ile nilidhani swingi, yaani dansi hizi za watu wawili zilizotokana na muziki wa jazi, ni swingi tu. Kumbe vijana weusi wa Harlem, kule New York, ndio waliolipika Lindy Hop mwishoni mwa miaka ya 1920, kwenye kumbi kama Savoy uliofunguliwa 1926, kisha kila mji wa watu weusi ukapakua na kuunga kwa viungo vyake. Chicago wana yao, wanaiita stepping, ya taratibu, ya kimaringo. Detroit wana yao, Philadelphia wana bop. Washington wao waliondoa miruko, wakaweka akili yote mkononi. Siku moja alikuja mgeni kutoka Chicago akaniomba tucheze, nikakubali nikidhani nimeshafika. Tulifanana na watu wawili wanaosukuma kabati kwenye ngazi, huyu anapanda, huyu anashuka.

Aliyenieleza mengi ni yule mzee wa tambara. Nilimwendea wiki iliyofuata kumwomba radhi, akaniwekea kiti. Kumbe alikulia Kaskazini-Mashariki ya jiji. Alinihesabia kwa vidole: shule za Washington zilitenganishwa kwa rangi hadi hukumu ya mahakama kuu ya mwaka 1954, yeye akiwa mtoto mdogo. Kwenye televisheni kulikuwa na kipindi cha dansi cha vijana cha mtangazaji Milt Grant, 1956 hadi 1961, ambacho vijana weusi waliruhusiwa kucheza siku moja tu kwa wiki. Siku hiyo dada zake walikuwa wakimaliza kazi za nyumbani mapema. Halafu mwaka 1963 kituo cha WOOK, chaneli ya 14, kikaanzisha Teenarama, kipindi cha vijana weusi wenyewe, mtangazaji akiwa Bob King, kikadumu hadi 1970. Tatizo ni kwamba televisheni nyingi za wakati ule hazikushika chaneli za juu namna hiyo bila kifaa cha kuongezea, na nyumba yenye kifaa ilijaa watoto wa mtaa mzima. Yeye alisimama foleni akiwa na miaka 15, shati limepigwa pasi mara mbili, akaingia studioni. Nikamuuliza kama amewahi kujiona. Akatikisa kichwa. Tangu siku ile hajaona hata dakika moja ya kipindi kile.

"Sasa mlijifunzaje?" nikauliza, maana mimi bila video ningekufa.

"Dada yangu na kitasa cha mlango," akasema. Dada akichoka, yeye alishika kitasa na kufanya mazoezi na mlango. Nilicheka nikidhani ni utani. Akasimama, akanipeleka mpaka mlango wa stoo, akashika kitasa kwa ncha za vidole, akarudi nyuma kidogo, mlango ukamfuata sentimita 2 hivi, akasogea mbele, ukarudi. Haukugonga wala haukulia. "Ukiuvuta utafunguka kwa kelele. Ukiuachia unajifunga. Wewe unaishi hapo katikati."

Hapo ndipo tunafika kwenye kidole gumba.

Kwa wiki 10 nzima wanaume walikuwa wananiachia katikati ya wimbo wakikung'uta mkono, kwa adabu, wakitabasamu. Nilijisemea labda ni jasho. Nikaanza kubeba taulo. Kumbe nilikuwa nawabana. Mtu akinishika nilikuwa nakunja vidole vyote vinne na kumfungia kwa gumba, kama ninavyomshika mgonjwa nikimtoa kitandani kumweka kwenye kiti. Kazini gumba ndilo linalozuia mtu asidondoke. Kwenye dansi gumba ni pingu: anayeongoza akitaka kukuzungusha, mkono wake haupati nafasi ya kugeuka ndani ya wako, na bega lake ndilo linalolipia.

Mwalimu alitibu tatizo hilo kwa karatasi ya kupangusia mikono. Aliikunja mara moja, akaiweka kati ya vidole vyangu na vyake, akanikataza kutumia gumba, tukaanza kucheza. "Ikichanika, umevuta. Ikidondoka, umelala." Ya kwanza ilichanika hata hatujamaliza mzunguko mmoja. Ya pili ikadondoka. Tulikaa dakika 40 kwenye kona na boksi zima la karatasi, wenzangu wakicheza na kucheka, sakafu nyeupe kama kuku kanyonyolewa pale. Ilipofika kama ya 15 nilisikia kitu ambacho sijawahi kukisikia: uzito wake wote, mwanamke yule mwembamba, uko mwishoni mwa vidole vyangu viwili, mwepesi, na ninajua anakwenda wapi kabla hajaenda. Halafu nikafurahi, nikakaza, ikachanika.

Mkiwa wawili nyumbani, jaribuni hilo la karatasi. Lilinisaidia kuliko dola 120 za mjini.

Kuna na suala la hesabu, maana linawatoa wengi darasani wiki ya pili. Muziki unakwenda kwa mapigo 4, na masikio yetu yanapenda kuyapanga kwa 8. Hatua ya msingi ya dansi hii ina mapigo 6: moja-na-mbili, hatua tatu fupi upande huu; tatu-na-nne, tatu fupi upande ule; tano unarudisha mguu nyuma, sita unarudisha uzito mbele. Kwa hiyo ukianza sawa na mwimbaji, hatua ya pili inaanza yeye yuko katikati ya sentensi, nawe unahisi umepotea. Hujapotea. Ukipiga hatua ya msingi mara 4 ni mapigo 24, na mwimbaji naye amemaliza nane zake 3, mnakutana tena mlangoni. Mimi nilihesabu kwa Kiswahili, midomo ikicheza, mpaka mwanamume mmoja akaniuliza kama namwombea. Baada ya miezi 4 hivi hesabu iliondoka yenyewe. Usiilazimishe iondoke.

Na usikisie. Hili ni la wanawake wenzangu hasa, sisi tuliozoea kuendesha nyumba, watoto na waume kwa wakati mmoja. Nilikuwa nikiona mkono unapanda nazunguka papo hapo, nikidhani namrahisishia. Mara nyingi mkono ulipanda tu kukaa sawa. Nikamgonga mtu kiwiko cha pua, akatoka damu kidogo, akaniambia, "Baby, mimi nilikuwa najikuna." Mkono hausemi mpaka usukume au uvute. Usikimbilie kujibu barua ambayo haijaandikwa.

Ya nyumbani nayo niyaseme. Picha yangu moja, nimeshikana mkono na mwanamume, ilifika kwenye kundi letu la WhatsApp la Watanzania wa huku. Nani aliipeleka, simjui na simtafuti. Maneno yakaanza: fulani siku hizi anakesha klabu na waume za watu, tena "hawa weusi wa hapa, unawajua walivyo." Dada yangu akanipigia kutoka Morogoro saa tisa usiku ya kwao. Nilichoumizwa nacho zaidi ni ile sentensi ya mwisho, kwa sababu niliitambua. Ilikuwa yangu. Nilifika nchi hii na nilipokewa na ndugu wenye ushauri wa aina hiyo, kaa mbali nao, wavivu, wagomvi, nami nikaubeba miaka 9 nikifanya kazi bega kwa bega na watu hao hao, nikila chakula chao siku za kuzaliwa kazini, bila kuuliza hata mmoja alikulia wapi. Mzee wa tambara aliendesha basi la jiji miaka 31. Mwalimu alifundisha watoto wa darasa la kwanza. Vijana wawili wanaotufungia spika ni mafundi umeme. Wengi wao, au wazazi wao, waliishi kule mjini penyewe. Mwaka 1970 weusi walikuwa asilimia 71 ya wakazi wa Washington, na leo hawafiki nusu, kodi ya nyumba imewasogeza huku kaunti ya Prince George's kwetu tunakopanga nasi. Mtaa wa U, ilikozaliwa sauti ya muziki ya mji ule, uliungua Aprili 1968 baada ya kuuawa Martin Luther King, ukakaa miaka mingi na majengo yamezibwa kwa mbao. Dansi nayo ikalala wakati wa disko na go-go, muziki wa ngoma nyingi wa Washington penyewe, ikaamshwa na hawa hawa walipofika umri wa kukumbuka.

Kwa hiyo mtu akisema naenda klabu, namwacha aseme. Dada yangu nilimtumia video ya mwalimu wangu, miaka 74, sketi imefika kwenye vifundo, akimzungusha mjukuu wake. Akajibu, "Huyo bibi anateleza!" Yakaisha.

Miezi 6 baadaye walinialika kabareti. Usidhani ni kitu cha kwenye sinema. Huku ni sherehe ya kununua tiketi, yangu ilikuwa dola 35, ukumbi unatoa meza, barafu na vikombe, chakula na vinywaji unakuja navyo mwenyewe. Hiyo sehemu ya mwisho hakuna aliyeniambia, au niliambiwa sikusikia. Niliingia nimependeza, mkononi nina kijipochi tu. Watu wanaburuta masanduku ya barafu yenye magurudumu, trei za kuku wa kukaanga, saladi ya viazi, keki tatu. Nikakaa kwenye meza tupu, kumbe ni ya familia iliyolipia viti 10. Waliponikuta hawakunifukuza. Mama mmoja alisema, "Sogea kidogo tu, mpenzi," akaniwekea sahani ya kuku na mchuzi mwekundu mtamu wanaouita mumbo, na kikombe, na hakuna aliyeuliza mimi ni nani mpaka nilipomaliza kula. Jamani, kama si Tanga ni wapi hapo?

Safari iliyofuata nilikwenda na sambusa 60 na sufuria la pilau. Sambusa ziliisha kabla DJ hajafika wimbo wa tatu. Sasa nikichelewa wananiuliza sambusa kabla ya kunisalimu.

Mengine ya kujua ukienda. Mtu mzima huku huitwi jina tupu, unatanguliza Miss au Mister kisha jina lake la kwanza, kama sisi tunavyosema bibi fulani, babu fulani; mimi niliita majina makavu mwezi mzima na hakuna aliyenisahihisha, walinikalia kimya tu. Kuombwa dansi ni wimbo mmoja, si ndoa, na unaweza kusema "huu napumzika" bila ugomvi, ila basi usiinuke na mwingine wimbo huo huo. Manukato yapunguze, mnakuwa karibu na watu wana pumu. Beba feni ya mkono na blauzi ya kubadili. Wanaume wa kwetu wanaotaka kujifunza kuongoza, wavumilie: anayefuata anaanza kufurahia miezi 3, anayeongoza inaweza kumchukua mwaka, kwa sababu yeye anafikiria hatua yake, yako, na jirani asigongwe. Nimeanza kujifunza upande huo mwaka huu, na sasa nawaheshimu wale wote niliowabana vidole.

Pesa kwa jumla, mwaka wa kwanza: madarasa kama dola 450, viatu 80, lile darasa la mjini 120, tiketi na viingilio 200 na ushei, na mshahara wa siku 11 ambao sipendi kuuhesabu. Ningeanza upya ningetumia nusu yake. Presha ilishuka mpaka 138 kwa 86, ingawa daktari anasema na dawa nazo zimechangia, nami simbishii.

Jumatano iliyopita mwalimu aliniita nicheze naye mbele ya wapya, niwaonyeshe. Ilikuwa mara ya kwanza. Wimbo wa Marvin Gaye, mtoto wa mji huu, si wa kasi. Nikazunguka, nikapita, nikarudi, miguu chini, kifua kimetulia, na nikaona wale wapya wametoa macho. Nikaanza kujiona. Akanisogelea sikioni bila kusimama.

"Gumba," akasema.